Henryk Ross na nusu ya picha zake tusiyopenda kuitazama

Katika chumba cha kupigia picha cha Idara ya Takwimu ya geto la Łódź, nchini Poland, eneo ambamo Wajerumani waliwafungia Wayahudi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, palikuwa na jukwaa la mbao lenye ngazi tatu. Watu waliohitaji picha ya kitambulisho walipangwa juu yake safu kwa safu, hadi kumi na wawili kwa pamoja, kisha mpigapicha akabonyeza kamera mara moja tu. Baada ya filamu kusafishwa, nyuso zilikatwa moja moja, na kila uso ukabandikwa kwenye kitambulisho cha mwenyewe. Aliyebuni jukwaa hilo alikuwa Henryk Ross, Myahudi ambaye kabla ya vita aliishi kwa kupigia magazeti picha. Filamu ilitolewa kwa hesabu, kwa hiyo kila aliposongamanisha watu kwenye fremu moja aliokoa fremu kadhaa, na hizo alizookoa ndizo alizozitumia kupiga picha ambazo, kama zingegunduliwa, zingemuua yeye na familia yake.

Naanza na jukwaa hilo kwa sababu habari za Ross kwa kawaida husimuliwa kuanzia kwenye ushujaa: mtu aliyeficha kamera chini ya koti, akapiga picha za mauaji, akazifukia ardhini, akazifukua vita vilipokwisha. Simulizi hiyo ni ya kweli, na ushujaa wenyewe ni wa kweli. Lakini inapita haraka mno kwenye jambo zito, kwamba kamera iliyotoa ushahidi dhidi ya wauaji ndiyo iliyokuwa ikihudumia ofisi ya utawala uliowekwa na wauaji hao, kwa filamu ileile na kwa mkono uleule. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mambo hayo mawili hayatenganishiki. Kila tunapochagua picha zake za machozi na kuziweka kando nyingine, tunaukata ushahidi ambao Ross mwenyewe aliuzika ukiwa mzima.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1910, akafanya kazi ya upigapicha wa habari Łódź, hasa habari za michezo. Łódź lilikuwa jiji la viwanda vya nguo, na karibu theluthi moja ya wakazi wake, yaani zaidi ya watu 230,000, walikuwa Wayahudi. Mpigapicha wa michezo hujifunza mapema mambo ambayo wapigapicha wa studio hawalazimiki kuyajua: kuwahi, kukadiria mwanga bila kupima, na kukubali kwamba tukio halitarudiwa kwa ajili yake. Katika Septemba 1939 Ross alikuwa kwenye jeshi la Poland. Wajerumani waliingia Łódź tarehe 8 mwezi huo, jiji likaunganishwa na dola yao, na mwezi Aprili 1940 wakalibadilisha jina na kuliita Litzmannstadt, kwa heshima ya jenerali wao mmoja wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa Myahudi wa kazi ya habari, mateso hayakuanza na ukuta wa geto. Ujerumani yenyewe ilikuwa imepitisha sheria mwezi Oktoba 1933 iliyowafungia Wayahudi milango ya uandishi wa habari. Erich Salomon, aliyekuwa maarufu Ulaya nzima kwa kuwapiga picha mawaziri kwenye mikutano wakiwa hawajui, na ambaye aliwahi kuficha kamera ndani ya kofia ili apige picha mahakamani, alikimbilia Uholanzi, akakamatwa huko baada ya Wajerumani kuivamia, na akafia katika kambi ya maangamizi ya Auschwitz mwaka 1944. Namtaja kwa sababu ile mbinu ya kuficha kamera, ambayo kwa Salomon ilikuwa njia ya kupata picha nzuri ya gazeti, miaka michache baadaye ilikuja kuwa suala la kufa na kupona kwa mwenzake wa Łódź.

Geto la Łódź lilifungwa mwishoni mwa Aprili 1940, takriban watu 160,000 wakiwa ndani ya eneo la kilomita za mraba zipatazo nne, katika sehemu chakavu kuliko zote za jiji. Barabara kuu zilizokatiza eneo hilo ziliachwa nje ya geto, zikazungushiwa uzio kila upande ili tramu za jiji ziendelee kupita, na Wayahudi wakavuka kwa madaraja ya mbao yaliyojengwa juu yake. Geto lilikuwa na fedha zake zisizokubalika mahali pengine popote, polisi wake, mahakama yake na gereza lake. Kichwani pa utawala huo wa ndani Wajerumani walimweka Chaim Rumkowski, Myahudi mzee aliyewahi kuongoza kituo cha yatima, na juu yake akakaa Hans Biebow, Mjerumani aliyekuwa mkuu wa usimamizi wa geto. Katika majira ya kupukutika kwa majani ya 1941 waliongezwa Wayahudi wapatao 20,000 kutoka miji kama Berlin, Vienna na Prague, pamoja na Waroma 5,000 waliotengwa kwenye kona yao. Kwa jumla zaidi ya watu 200,000 walipita humo, na zaidi ya 40,000 walikufa palepale kwa njaa na maradhi.

Rumkowski aliamini kwamba Wajerumani hawatamuua mtu anayewafaa. Wito wake ulikuwa kwamba njia pekee ya Wayahudi ni kazi, na geto likageuzwa kuwa karakana kubwa iliyoshona sare za jeshi la Ujerumani, ikatengeneza viatu, mikanda, magodoro na kofia. Hapo ndipo kazi ya Ross ilipopata maana. Pamoja na picha za vitambulisho, yeye na mwenzake Mendel Grossman walipewa jukumu la kupiga picha za karakana hizo, ili utawala wa geto uwaonyeshe Wajerumani jinsi mashine zilivyopangwa, jinsi mafundi walivyoinamia kazi, na jinsi bidhaa zilivyojaa mezani. Zilikuwa picha za kuombea uhai. Ukizitazama leo unaona vyumba safi na mistari iliyonyooka, na usipojua zilipigwa wapi unaweza kudhani ni kiwanda cha kawaida cha miaka hiyo.

Wapo wanaoziita picha hizo za propaganda na kuzipuuza. Mimi siwezi. Binti aliyekaa nyuma ya cherehani alijua kwamba jina lake likifutwa kwenye orodha ya wafanyakazi, mgawo wake wa supu na mkate unafutika, na baada ya hapo jina linahamia kwenye orodha nyingine. Kukaa wima mbele ya kamera ya Ross kulikuwa sehemu ya jitihada zake za kubaki hai, na picha imeihifadhi jitihada hiyo hata kama haikuonyesha njaa. Hali ni hiyohiyo kwa picha za vitambulisho. Walizitaka watawala ili kudhibiti watu, lakini kwa watu wengi sana waliopanda lile jukwaa la ngazi tatu, hiyo ndiyo sura ya mwisho waliyoiacha duniani.

Upande wa pili wa kazi yake ulifanyika kwa siri. Wapigapicha wa idara walikatazwa kupiga picha za binafsi, na Grossman aliwahi kuandikiwa barua ya onyo na Rumkowski mwenyewe. Ross aliweka kamera chini ya koti, akalifungua kidogo, akabonyeza, akalifunga tena. Alipiga picha kupitia nyufa za milango na madirisha. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba kuwa na kamera ya ofisi ndiko kulikomwezesha kunasa kipindi chote cha msiba huo, na kwamba alifanya hivyo akijua fika kuwa akikamatwa atateswa na kuuawa yeye na familia yake. Maelezo hayo yanastahili kusomwa pole pole, kwa maana hayaombi radhi kwa kazi ya ofisi wala hayajigambi kwa kazi ya siri. Anasema tu kwamba bila ile, hii isingekuwapo. Kibali cha ofisi ndicho kilichompa sababu ya kuonekana barabarani na kamera, chumba cha giza cha kusafishia filamu, na dawa za kusafishia.

Zipo picha zake nne au tano ambazo kila anayeziona hazimtoki. Moja inaonyesha mtu akiwa ameokoa gombo la Torati kutoka kwenye magofu ya sinagogi la mtaa wa Wolborska, lililobomolewa na Wajerumani. Nyingine inaonyesha watu waliojifunga kwenye mkokoteni wa kinyesi, kazi iliyoleta homa ya matumbo na kifo lakini iliyoongeza mgawo wa chakula kidogo. Kuna ile ya mtoto aliyeanguka barabarani kwa njaa. Na kuna ile ya sanamu ya kutishia ndege iliyosimamishwa shambani ndani ya geto ikiwa imebandikwa nyota ya njano ya Daudi, kana kwamba amri ya kuvaa nyota iliwahusu hata nguo kuukuu zilizotundikwa mtini. Ross hakuipamba picha hiyo wala kuisogelea mno. Aliipiga kama mwandishi wa habari anavyopiga kitu alichokikuta.

Ili kuelewa thamani ya jicho hilo, inasaidia kukumbuka kwamba Ross na Grossman hawakuwa peke yao waliopiga picha Łódź. Walter Genewein, mhasibu wa Kiaustria katika usimamizi wa Kijerumani wa geto, alipiga mamia ya slaidi za rangi, ambazo ziliibuka Vienna mwaka 1987. Ni picha zilizo wazi na zenye rangi adimu kwa miaka hiyo, na ukizitazama bila tahadhari unaweza kuziamini kuliko za Ross, ambazo nyingi zimechakaa na kuliwa na maji. Genewein alifikia hatua ya kuiandikia kampuni ya filamu ya Agfa kulalamika kwamba slaidi zake zina wekundu usiotakiwa. Watu walikuwa wakifa njaa mbele ya lenzi yake, na yeye aliudhika kwa sababu rangi haikukaa sawa. Katika picha zake Wayahudi ni bidhaa ya karakana au ni uchafu wa mtaani. Hakuna hata mmoja anayemtazama mpigapicha kama mtu anayemjua. Kwa Ross hali ni tofauti kabisa, na hata pale anapopiga akiwa amejificha, unahisi kwamba anajua anayempiga anatoka nyumba gani.

Mwezi Septemba 1942 Wajerumani walidai wapewe watoto wa chini ya miaka kumi, wazee wa zaidi ya miaka sitini na mitano, na wagonjwa. Tarehe 4, Rumkowski alisimama mbele ya umati akawasihi akina baba na akina mama wawatoe watoto wao. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 12 watu walifungiwa majumbani, hakuna ruhusa ya kutoka, na msako ukapita nyumba hadi nyumba. Zaidi ya watu 15,000 walichukuliwa na kupelekwa Chełmno, kituo cha maangamizi ambako watu waliuawa kwa moshi wa gesi ndani ya malori. Ross alipiga picha za watoto wakiwa nyuma ya uzio wa gereza la geto wakisubiri kuondolewa, na watu wa nje wakiwa wamesogea kwenye nyavu kuzungumza nao. Uzio umekaa katikati ya picha. Mikono imeushika kutoka pande zote mbili.

Lazima nitaje jambo ambalo wengi hulipitia juu juu: msako wa siku hizo ulifanywa pia na polisi wa Kiyahudi wa geto, na malipo yao yalikuwa kwamba watoto wao wenyewe hawataguswa. Nitalirudia jambo hili mbele, kwa sababu bila hilo haiwezekani kuielewa nusu ya picha za Ross.

Agosti 1944 ilikuwa zamu ya waliobaki. Łódź lilikuwa geto kubwa la mwisho kwenye ardhi ya Poland, na kwa muda ilionekana kama hesabu za Rumkowski zilikuwa sahihi, kwani jeshi la Kisovieti lilikuwa linasogea. Lakini treni zilianza kutoka stesheni ya Radegast kwenda Auschwitz, na katika wiki chache waliondolewa zaidi ya watu 60,000, Rumkowski na familia yake wakiwamo katika treni za mwisho. Ross aliingia stesheni akijifanya mfanyakazi wa usafi. Marafiki zake wakamfungia ndani ya ghala la saruji, akakaa humo tangu saa 12 asubuhi hadi saa 1 jioni, mpaka treni ikaondoka na Wajerumani wakatawanyika. Kupitia tundu kwenye ubao wa ukuta alipiga picha chache: watu wamebeba mafurushi, wanasukumwa kwenye mabehewa ya mizigo.

Saa kumi na tatu ndani ya vumbi la saruji, na picha chache tu. Anayejua kazi hii ataelewa maana ya uwiano huo. Mtu aliyezoea kukaa kando ya uwanja wa mpira na kupiga fremu nyingi ili apate moja nzuri, safari hii alipaswa kupima kila mbonyezo, kwa sababu mlio mdogo wa kamera ungeweza kusikika nje, na kwa sababu filamu yenyewe ilitokana na watu kumi na wawili waliobanwa juu ya jukwaa.

Yeye hakupandishwa treni hizo. Alibakizwa pamoja na mamia kadhaa ya watu wa kusafisha geto, kukusanya mali zilizoachwa. Kabla ya mwisho, aliweka negativu zake zipatazo 6,000, yaani filamu zilizosafishwa ambazo picha huchapwa kutokana nazo, pamoja na nyaraka, ndani ya sanduku na kulifukia kwenye uwanja wa nyumba ya mtaa wa Jagiellońska namba 12. Alitarajia kwamba Wayahudi wa Poland watamalizwa wote, yeye akiwamo, na alitaka ibaki rekodi ya kihistoria ya mateso yao. Matarajio hayo hayakuwa hofu tupu, kwani makaburi ya pamoja ya watu hao wa mwisho yalikuwa tayari yamechimbwa kwenye makaburi ya Wayahudi ya jiji. Jeshi la Kisovieti liliingia tarehe 19 Januari 1945 kabla mashimo hayo hayajajazwa, na ndani ya geto walikutwa watu 877. Ross alikuwa mmoja wao.

Mwezi Machi alirudi na koleo. Maji ya ardhini yalikuwa yamekwisha kuingia, na karibu nusu ya negativu zilikuwa zimeharibika. Zilizobaki, takriban 3,000, nyingi zina makovu: mapovu, madoa yanayoenea kama wino kwenye karatasi mbichi, nyuso zilizoyeyuka upande mmoja. Nimewahi kukaa muda mrefu mbele ya nakala ya picha ya namna hiyo, ambayo mwili wa mtu umebaki lakini ukingo wote wa fremu umeliwa na unyevu, na nilichokuwa nikikitazama ni kazi ya mikono miwili, ya Ross na ya udongo wa Łódź.

Bahati ya negativu hizo inaonekana vizuri zaidi ukiiweka kando ya ile ya Grossman. Yeye alificha negativu zipatazo 10,000 ndani ya geto, akafa mwaka 1945 kwenye matembezi ya kulazimishwa muda mfupi kabla ya vita kwisha. Dada yake alizipata na kuzipeleka kwenye kijiji cha Nitzanim, katika nchi iliyokuja kuwa Israeli, na nyingi zikapotea katika vita vya 1948 kijiji hicho kilipotekwa. Wanaume wawili wa idara moja, kazi moja, hatari moja. Mmoja alipona na nusu ya kazi yake ikapona. Mwingine alikufa, na sehemu kubwa ya alichokilinda kwa roho yake ikapotea baada ya maadui waliomuua kuwa wameshashindwa.

Ross na mkewe Stefania walihamia Israeli, na mwaka 1961 aliitwa kutoa ushahidi katika kesi ya Adolf Eichmann, ofisa wa Kinazi aliyepanga usafirishaji wa Wayahudi kwenda kuuawa, mjini Jerusalem. Alieleza habari za ghala la saruji, saa alizokaa, tundu la ubao, na kelele alizozisikia, na picha zake zikapokewa kama vielelezo. Hiyo ilikuwa nafasi ambayo upigapicha wa habari huipata kwa nadra sana, nafasi ya kusimama mbele ya majaji na kusema: nilikuwepo, na hiki ndicho nilichokiona. Mahakamani picha inahitajika ijibu swali moja: je, jambo hili lilitendeka? Picha za Radegast zilijibu ndiyo.

Lakini mahakama inauliza maswali yake tu, na hapo ndipo nusu ya pili ya negativu ilipoanza kukaa gizani kwa mara ya pili. Katika sanduku lilelile la Jagiellońska, kando ya treni na mikokoteni ya kinyesi, zilikuwapo picha za harusi. Zilikuwapo karamu za siku ya kuzaliwa zenye meza zilizoandaliwa, wapenzi wakibusiana nyuma ya majani, akina mama wamebeba watoto wanene, maofisa wa polisi wa geto wakiwa na familia zao, na watu wakipumzika katika bustani za Marysin, mahali ambapo wakubwa wa geto walikuwa na nyumba zao za mapumziko. Picha hizo hazikupewa nafasi kubwa alipokuwa hai. Alikufa mwaka 1991, na ilikuwa mwaka 2004 ndipo sehemu kubwa yake ilipochapishwa London. Mwaka 2007 mkusanyiko wenyewe ulikabidhiwa jumba la sanaa la Ontario, mjini Toronto, ambako uko hadi leo.

Waliozipokea walishtuka, na naelewa kwa nini. Yapo mambo mawili ya kuogopa. La kwanza ni kwamba wanaokanusha mauaji ya Wayahudi wataishika picha ya meza iliyojaa na kusema, tazameni, walikula. La pili linauma zaidi, nalo ni kwamba picha hizo zinatulazimisha kukiri kwamba ndani ya geto palikuwa na matabaka, kwamba wakati familia moja inavuta mkokoteni wa kinyesi nyingine ilikuwa ikikata keki, na kwamba Ross, kwa kazi yake, alialikwa kwenye keki. Mtu aliyealikwa mezani huwa na sababu ya kunyamaza. Naamini ukimya wake wa miaka mingi kuhusu picha hizo ulikuwa na chembe ya aibu, au pengine alikuwa akiwalinda marehemu wasihukumiwe na watu walioshiba. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja.

Hata hivyo, hofu hizo mbili hazitoshi kuhalalisha kuzificha. Chukua picha moja, ile ya mwaka 1943 ya mtoto aliyevaa kofia ya polisi wa geto, akicheza kumkamata mtoto mwenzake. Ukiitazama bila kujua chochote ni mchezo wa kitoto kama ule wa polisi na mwizi. Ukijua kwamba mwaka mmoja nyuma watoto wa chini ya miaka kumi walifagiliwa, na kwamba walionusurika ni wale ambao baba zao walikuwa polisi na watumishi wa utawala, unaanza kuuliza mtoto huyu amepata wapi kofia, na kwa nini yuko hai kucheza. Kisha unamtazama yule anayekamatwa. Picha hiyo haina damu, haina treni, haina Mjerumani hata mmoja, na bado inaeleza jinsi geto lilivyoendeshwa kuliko picha nyingi za maiti, kwa sababu inaonyesha jinsi ukatili ulivyogawiwa kwa waliotawaliwa mpaka ukafika kwenye michezo ya watoto wao. Anayeificha ili kulinda heshima ya waliouawa anawanyima wasomaji jambo ambalo Wanazi walilificha kwa bidii zote, yaani kwamba uamuzi wa nani afe kwanza uliwekwa mikononi mwa wahanga wenyewe kwa makusudi.

Na hao waliokula keki, tusisahau waliishia wapi. Upendeleo wa kofia ya polisi ulidumu miezi, hata miaka, lakini Agosti 1944 haukuwalinda tena. Wengi wa wanaotabasamu katika picha za Marysin walipita Radegast kama wengine, baadhi yao pengine siku ileile ambayo aliyewapiga picha kwenye karamu alikuwa amefungiwa ndani ya ghala, jicho lake likiwa kwenye tundu la ubao. Mkanushaji anayetaka kuitumia picha ya harusi atalazimika kueleza bwana harusi alikwenda wapi baadaye, na jibu liko kwenye negativu nyingine za sanduku hilohilo.

Ndiyo maana nasikitika kila ninapoona maonyesho au gazeti likimtaja Ross kwa picha tatu za mateso tu, au likizitoa zile za karamu peke yake kama jambo la kushangaza. Ross alikuwa na muda wa kuchagua kabla ya kufukia. Mtu anayefikiri kwamba atakufa, na ambaye sanduku lake lina nafasi yenye kikomo, angeweza kuacha nje picha za vitambulisho, picha za karakana zilizopigwa kwa ajili ya kuwaridhisha Wajerumani, na picha za karamu zilizokuja kumletea fadhaa. Hakuziacha. Binti wa cherehani, polisi na mkewe, watoto wa nyuma ya uzio, sanamu yenye nyota na nyuso kumi na mbili juu ya mbao viliingia pamoja kwenye udongo wa Jagiellońska, na maji yalipoingia hayakuchagua yatafune ipi.